Mkono wa Mama Mkwe

Binti yangu alipopiga simu kutoka Doha kuniambia amepata mchumba, nilimshukuru Mungu kwa sauti kabla hajamaliza sentensi. Halafu akaimaliza. Mchumba alikuwa Mfilipino, fundi wa lifti katika hospitali ile ile anayofanyia kazi ya uuguzi, na wote wawili walikuwa wamepata likizo ya kuja kwetu Kitale mwezi uliofuata.

"Baba, uko?"

"Niko," nilisema. Nilikuwa nimekaa chini.

Wanaume wengine wakishikwa na hofu huenda kanisani au baa. Mimi huenda kusoma. Kwa majuma kadhaa nilisoma kila nilichopata kuhusu Wafilipino na ndoa zao na wageni, na kila nilichosoma kilininyima usingizi kwa namna yake. Nilisoma kwamba kwao, ukiwaondoa Waislamu wao, talaka haipo kabisa. Nilisoma kuhusu miaka ile ambapo picha za wasichana wao zilipangwa kwenye vijitabu kama picha za majembe, na wanaume wa Ulaya, Amerika na Australia wakachagua, wakaandika barua, wakaja kuchukua. Serikali yao ikapiga marufuku biashara hiyo. Baadaye wanawake wale wakaanza kwenda ng'ambo wenyewe kutafuta kazi, wakakutana na waume wa kigeni kazini, na sasa, kumbe, hata wanaume wao walikuwa wakioa wageni. Hilo la mwisho sikulisoma popote. Lilikuwa linakuja nyumbani kwangu kwa ndege.

Nilimpigia kaka yangu mkubwa, aliyebaki kwenye shamba la baba upande wa Malakisi. Yeye ndiye angekaa na wazee kupokea mahari. Alilima tumbaku maisha yake yote na ana sauti ya mtu aliyeivuta pia.

"Mwarimu," alisema. Huniita hivyo ingawa sijafundisha tangu nilipokuwa kijana. "Hao si ndio wasichana wao huorewa na wazungu wazee? Sasa hii kijana ya kiume inatafuta nini kwetu?"

"Anatafuta mke."

"Kwao wameisha?"

Nilimweleza kwamba kwao hakuna talaka. "Basi hiyo ni nchi ya maana," akasema, na siku ya wazee ikapangwa.

Binti yangu naye alikuwa na sharti lake, na alilisema polepole ili nisije nikadai sikusikia. Alitaka baraka zetu. Lakini tukimwaibisha huyu kijana wangerudi Doha, wangefunga ndoa huko huko, na sisi tungetumiwa picha. Ni mtoto wangu wa kwanza na ana kichwa cha mama yake. Niliamini kila neno.

Kwa hiyo niliifundisha familia. Nilimweleza mke wangu kwamba Mfilipino akimheshimu mtu mzima huchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikiutoa mkono kwa unyenyekevu wa askofu. Mke wangu alinitazama kutoka mlangoni.

"Hayo ni yako na yeye," alisema. "Mimi unajua nitakaa wapi."

Nilijua. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono. Hawali pamoja, na jikoni kwa mama mkwe ni mahali ambapo mkwe hakanyagi. Wakikutana njiani, mmoja hupinda. Chuoni niliandika tasnifu kuhusu desturi za ndoa, na sura nzima ilihusu kuepukana huko. Maprofesa waliisifu sura hiyo.

Walifika Matisi, mtaa wetu pale Kitale, mchana wa jua kali. Kijana alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeusi zilizosimama na begi kubwa kuliko yeye. Alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwenye simu, na mtu wa kwanza kupewa heshima zake alikuwa mwendesha bodaboda aliyeegesha nje ya lango letu.

"Shikamoo," alisema kijana, akiinama.

"Niaje," alijibu yule wa bodaboda, akitazama nyuma kuona nani anasalimiwa.

Halafu kijana akauchukua mkono wangu, akaugusisha kwenye paji lake, na mazoezi yote yale yakanitoka. Niliuacha mkono ukining'inia kama kitambaa. Paji lake lilikuwa na jasho. Nilimpenda papo hapo, jambo lililozidisha hofu yangu. Mke wangu alimsalimia kutoka jikoni, kupitia dirishani, akiwa amejifunga leso hadi kichwani. Kijana alipiga hatua kuelekea dirisha lile. Binti yangu akamvuta, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yuko na kazi.

Hapo ndipo ningepaswa kufungua mdomo. Sikuufungua. Nilidhani binti yangu amemweleza, naye alidhani mambo hayo ni ya kina bibi yake huko Bungoma. Amekulia mjini na hakuwahi kuona shemeji akija nyumbani. Mama yake, kwa jinsi alivyojua, ni mtu wa kanisa aliyeachana na mila zamani.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na shoka. Nilipofungua pazia nilimwona mgeni wetu nyuma ya nyumba akipasua kuni, shati amevua, majirani wawili wakiwa wameegemea ua kumtazama. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimesoma hata hilo: zamani mchumba kwao alikwenda kufanya kazi nyumbani kwa msichana, akichota maji na kupasua kuni, ili wazazi waone ni mtu wa namna gani. Nilisimama pale dirishani nikijipongeza kwa kulijua. Nilimtazama akikusanya kuni mikononi. Nilimtazama akielekea jikoni.

Niliita, lakini kwa jina lisilo sahihi, la mdogo wake binti yangu.

Kilichofuata nilikisikia tu. Kuni ziliwekwa chini. Sauti ya kijana, laini, ikasema "Mama." Halafu sufuria ikaanguka, na uji ukamwagika kwenye sakafu yote. Nilikimbilia ukumbi mdogo, na mke wangu akapita kando yangu akiwa ameubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kana kwamba umeungua. Akaingia chumbani akafunga kwa komeo.

Nilimfuata mlangoni.

"Mama, fungua," nilimwambia.

"Ameshika mkono yangu, Baba. Ameweka kwa uso yake."

"Ni heshima ya kwao. Si nilikueleza?"

"Ulinieleza mimi. Yeye ulimweleza nini?"

Akaendelea kuongea kupitia mlango uliofungwa. Mke wangu ameokoka tangu kabla sijamwoa. Husema mila ni mambo ya giza na huziombea zivunjike. Lakini sasa sauti yake ilikuwa ya msichana wa Bungoma. Alikumbuka mama fulani wa kwao aliyeshikwa na mkwe wake aliyekuwa amelewa, na mikono ya yule mama ikawa inatetemeka mpaka anaingia kaburini. Alikumbuka wajukuu wa mama huyo, waliozaliwa wadhaifu.

"Hayo unaamini?" nilimuuliza.

"Siamini," alisema. "Lakini wakizaliwa hivyo, nitasema nini?"

Binti yangu alikuwa amefika, akiwa na pajama na hasira. "Mama, hii ni nini sasa? Unamkimbia kama mwizi?" Binti akanigeukia. "Niliwaambia. Si niliwaambia?" Akaenda kutafuta chaja yake, na mtoto wangu akianza kutafuta chaja najua anapanga safari.

Kijana nilimkuta kwenye baraza, shati limerudi mwilini na vifungo vimepishana. Tulizungumza Kiingereza, chake kikiwa bora kuliko changu.

"Baba, mama amenikataa," alisema. "Ni sawa. Afadhali nijue mapema."

Akaanza kuniambia mambo ambayo nadhani alikuwa ameyatunza kwa siku njema zaidi. Dada ya mama yake alikuwa mmoja wa wale wa picha. Mwanaume mzee kutoka nchi ya theluji alimchagua, akaja kumchukua, hakuketi na wazazi hata kunywa maji. Dada huyo wa mama alirudi nyumbani mara moja tu, kwa maziko. Kwa hiyo kijana alipowaambia wazazi wake kwamba anaoa mgeni, mama yake alilia. Baba yake aliuliza kama watu wa msichana wanaiona familia yake kuwa maskini. Ndipo akawaahidi: angefika nyumbani kwa watu, angefanya kazi kwa mikono yake, angeomba. Hakuna mtu angesema amechukua mtoto wa watu kama kifurushi.

"Na mama amekimbia," alisema.

Nilimweleza. Nilimweleza sura yote ile, kuepukana kote, pale barazani, tukinywa chai ya jana. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayesikiliza lifti yenye kasoro. Mwishoni aliuliza swali moja.

"Baba, kwa nini hukuniambia jana?"

Nilisema nilidhani anajua. Huo ndio ujinga wa msomi: nilikuwa nimewasoma wao mpaka nikamaliza, na haikunijia kwamba sisi pia tunahitaji kusomwa.

Kaka yangu alipopata habari alikohoa kwanza, na sikujua kama anacheka.

"Wewe si ndiye uriandika kitabu ya hayo mambo?"

"Tasnifu."

"Basi soma." Halafu akawa mkali. Wazee hawangekaa chini kupokea ng'ombe wa mtu aliyemshika mama mkwe, mpaka aibu hiyo iondolewe. Alete kondoo na blanketi jipya, na blanketi lisitoke mkononi mwake kwenda mkononi mwa mama. Kondoo, kaka yangu mwenyewe angemtafuta Malakisi. "Rakini Mwarimu, mama akikataa hiyo branketi, mimi sitawaita wazee. Nitaambia watu nini?"

Tulikwenda mjini, mimi na kijana, katika duka la matandiko la familia ya Kisikh ambako mama yangu alinunua vitu vya arusi yetu. Mwenye duka, mzee mwenye kilemba na miwani kwenye kamba, alishusha blanketi moja baada ya jingine na kumtazama mwenzangu.

"Huyu mgeni ametoka mbali?"

"Ufilipino. Ni mkwe," nilisema, kisha nikaongeza, "labda."

Mzee akatikisa kichwa. "Bibi yangu aliletwa kwa picha bwana. Babu huku aliona picha, akasema huyu. Yeye huko hakuonyeshwa kitu. Akapanda meli."

Nilimtafsiria kijana. Aliacha kupapasa blanketi. "Muulize kama walipendana."

Niliuliza. "Walizoeana," alisema mzee. "Unataka hii ya maua ama ya mistari?"

Kijana alichagua la maua, jekundu, zito kama mlango. Njiani nilihesabu kwa siri yote yanayoweza kuharibika, na nilipofika mwisho nikaanza upya.

Nyumbani, binti yangu alilipokea blanketi na kulipeleka chumbani. Kijana aliketi kwenye kigoda nje, upande wa pili wa ukuta, mgongo wake ukielekea dirisha, kama nilivyomfundisha. Mimi nilisimama kwenye kona, mahali ambapo ningeweza kuwaona wote na kutomsaidia yeyote.

Tulisikia karatasi ya nailoni ikichanwa. Halafu sauti ya mke wangu ikatoka dirishani, kwa Kiswahili, polepole ili binti atafsiri.

"Mwambie asigeuke."

"Hageuki, Mama."

"Mwambie mkono hautetemeki. Nimeangalia." Halafu akauliza, "Mama yake yuko hai?"

"Yuko."

"Mwambie nataka kuongea na yeye. Nimwambie mimi sikukataa mtoto wake. Nisije nikasemwa huko kwa watu."

Binti alipomaliza kutafsiri, kijana aliinama juu ya magoti yake. Mabega yalitikisika. Hakugeuka.

Akina mama wale wawili walizungumza kwa simu jioni hiyo, binti yetu akitafsiri upande huu na kijana upande ule kutoka barazani, kwa kelele. Sikuelewa yote. Nilichoshika ni kwamba mama wa huko alitaka kujua kama kwetu mume anaweza kuongeza mke, na mama wa hapa alitaka kujua kama kwao kweli mtu hawezi kuachwa. Kila mmoja alipata jibu ambalo halikumtosha. Wakaombeana.

Wazee walikaa Malakisi siku iliyopangwa. Kondoo alikuwa mkubwa kuliko ilivyohitajika, kwa maana kaka yangu ndiye aliyemchagua. Ng'ombe walikubaliwa baada ya kelele za kawaida, na wazazi wa kijana walitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. Baba yake aliuliza mara mbili kama ng'ombe hao wanamaanisha msichana ananunuliwa. Kaka yangu alimjibu kwa hotuba ambayo hakuna aliyeweza kuitafsiri, lakini iliisha kwa makofi.

Siku ya kuondoka, begi lilikuwa tayari langoni. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni, leso kichwani. Kijana alisimama mbali, karibu na rundo la kuni alizopasua. Nilimwona akiinua mkono wake mwenyewe na kuuweka kwenye paji lake la uso, akitazama chini, si usoni mwa mama mkwe wake. Mke wangu aligeuza kichwa kuona kama namwangalia, nami nikajifanya natafuta funguo za gari. Nilipoinua macho, mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, vidole vimelegea, uwanja mzima wa nyumba ukiwa kati yake na kijana.

Blanketi liko kwenye kitanda chetu. Mke wangu haruhusu nijifunike nalo. Kila binti akipiga simu, humuuliza kwanza kama ameanza kutapika asubuhi, na akisikia bado, hutazama mkono wake.