Mabega ya Nzilani

Kabla hajaokoka, Nzilani alikuwa na mabega. Kila mtu ana mabega, bila shaka, lakini pale Tulia na vijiji vyote vya jirani, ukitaja mabega watu walijua unasema ya nani. Filimbi ikilia tu, yalianza kutikisika yenyewe, upesi hata macho yakashindwa kuyafuata, huku uso wake umetulia tuli kama wa mtu anayesikiliza habari redioni. Mwaka wa uhuru wenzake walimchagua kwenda kucheza Kitui mjini, na wapo wazee ambao mpaka leo ukiwauliza habari za uhuru hawakumbuki hotuba hata moja. Wanakumbuka mabega. Zaidi ya hayo alikuwa ngui, yaani yule anayetunga wimbo na kuuongoza, wengine wakamwitikia.

Halafu akaolewa na Jonah Ndolo, fundi wa mawe, wakaokoka pamoja. Siku hizo mtu akiokoka aliacha pombe, ugoro na ngoma kwa mkupuo mmoja. Pombe na ugoro Nzilani hakuwa amevigusa, kwa hiyo aliacha ngoma, na akaiacha kwa moyo mmoja bila kunung'unika. Ila alipokuwa akitwanga mahindi nyuma ya nyumba, akidhani yuko peke yake, mabega yalijisahau.

Jonah alikuwa mtu mwema. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye kidogo atatukasirisha. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, na shule ilipokosa maji alijenga tangi la mawe la kuvunia mvua bila kuomba hata kikombe cha chai. Alifanywa mzee wa kanisa akiwa bado kijana. Lakini kitu kimoja alikiogopa kuliko nyoka, nacho ni kuchekwa. Ukicheka karibu naye, aligeuka kutazama kama vifungo vya shati lake vimefungwa sawasawa.

Ile njaa ya mwaka wa themanini na nne, ya mahindi ya manjano, ndiyo iliyoanzisha mambo. Mwaka uliofuata masomo mapya yalikuja shuleni, na pamoja nayo akaja Mwalimu Kisilu, kijana mrefu wa kaptura nyeupe, kufundisha mazoezi ya viungo na kilimo. Alipanga watoto uwanjani, akapuliza filimbi, wakakimbia. Wawili wakaanguka. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa na njaa. Mwalimu akaitisha mkutano wa wazazi.

"Mimi siwezi kukimbiza mtoto hajakula," aliwaambia. "Shule iko na shamba hapo nyuma, imekaa bure. Tulime, watoto wakule."

Hilo shamba lilikuwa mteremko wa mchanga na mawe, mvua ikinyesha udongo unakimbilia mtoni. Kulilima ilibidi kwanza lichimbwe matuta ya fanya juu, yale ambayo unachimba mtaro kisha udongo unaurusha upande wa juu, si wa chini. Anayejua kazi hiyo anajua inavyoumiza. Akina mama waliunda mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wakakubaliana kuja kila Jumamosi kwa hiari yao, kila mtu na jembe lake. Jumamosi ya kwanza haikufika saa nne kabla Kalunde, mama mwenye mwili wake na mdomo wake, hajainama na kukataa kuinuka.

"Mgongo imeshika!" alipiga kelele. "Niacheni hapa hapa, nipandeni na mboga!"

Mwalimu Kisilu alikuwa na jibu. Alisema mwili hauanzi kazi ukiwa baridi. Jumamosi ya pili akawapanga mistari uwanjani, na leso zao, na viatu vyao vya raba za magurudumu, akawaambia wanyooshe mikono juu na kugusa vidole vya miguu.

"Mwalimu," Kalunde akamwambia, "mimi nimetoka mtoni na maji mgongoni, nikapanda hiyo mlima yote. Hiyo si mazoezi?"

"Hiyo ni kazi, mama. Mazoezi ni kabla ya kazi."

"Basi ungekuja alfajiri kwangu unipatie."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini walimpenda yule kijana, wakajaribu. Tatizo lilikuwa hesabu yake. Alisema moja, mbili, moja, mbili, na kila mama alikuwa na moja yake na mbili yake. Huyu amepanda, yule ameshuka, wa tatu amegongwa kiwiko. Nzilani alivumilia Jumamosi mbili. Ya tatu uvumilivu ulimwisha. Alitupa mstari mmoja wa wimbo wa zamani wa kulima, bila kupanga, kama mtu anayepiga chafya. Wenzake wakaitikia kabla hawajafikiri, na uwanja mzima ukashuka pamoja na kupanda pamoja. Mwalimu Kisilu alikuwa na akili. Alivua filimbi shingoni akamvika yeye.

Kuanzia hapo Jumamosi zikawa tamu. Waliochelewa waliadhibiwa kuruka peke yao mbele ya wenzao, na Kalunde alichelewa makusudi kwa sababu alipenda kutazamwa. Walinyoosha migongo, walizungusha viuno taratibu, na kwa kuwa kurusha udongo juu kunataka mabega, walifanya mazoezi ya mabega. Nani angewafundisha kama si Nzilani? Mara ya kwanza aliona haya, akayatikisa kidogo tu. Mara ya pili hakuona haya. Kisha wimbo ule ule uliingia nao shambani, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na udongo ukaruka. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuta matuta yako tayari. Kunde zilitambaa, mbaazi zikasimama kingoni, sukuma wiki zikamwagiliwa kwa maji ya tangi la Jonah, na muthokoi wa shule, yale mahindi yaliyokobolewa, ukapata rangi ya kijani. Watoto wakaacha kuanguka. Nzilani alikuwa na miaka arobaini na kitu, na alijisikia msichana. Aliwahi kusema baadaye kwamba kama Mungu angemwambia achague mwaka mmoja wa kuurudia, angeuchukua ule, njaa yake na yote.

Lakini habari za mabega zina miguu. Kanisani ikasemwa kwamba wake wa waliookoka wanacheza ngoma shuleni, tena kwa filimbi. Wazee wakakaa, wakamtuma mmoja wao akaone. Walimtuma Jonah, maana aliyeongoza alikuwa mkewe.

"Mama Kasyoka," akamwambia jioni hiyo, akilitumia jina la binti yao kama alivyomwita siku zote, "ni ngoma ama si ngoma?"

"Ni mazoezi, Baba Kasyoka. Kuja Jumamosi ujionee na macho yako."

"Nikipata ni ngoma, utaacha. Ama tutatolewa kwa kanisa sisi wote."

Nzilani hakulala vizuri wiki hiyo, lakini si kwa hofu peke yake. Alikuwa akitunga. Katika mwethya kuna desturi ambayo kila Mkamba wa rika lake aliijua: mtu akitokea ukingoni mwa shamba, ngui humtaja kwa wimbo. Mstari wa kwanza ni jina lake na la baba yake, basi. Mstari wa pili ndio wenye maneno. Unaweza kuwa sifa, unaweza kuwa aibu, na hakuna ajuaye mpaka uimbwe. Anayetajwa husimama angoje. Akisifiwa hupewa jembe kwa vigelegele. Akianikwa huvua koti, hulichukua jembe mwenyewe, na kicheko kinaisha hapo. Nzilani alitaka mumewe aimbwe mbele ya watu, aione kazi, aingie kwenye mstari. Mtu akishashika jembe kwenye mwethya hawezi kurudi kanisani kusema amekuta ngoma. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuuokoa wimbo, na nyumba pia.

Jonah alikuja na koti la Jumapili, Biblia kwapani. Akasimama penye tuta la kwanza. Majembe yakatulia. Nzilani, akiwa ameukabili mstari wa wenzake, aligeuka akamwona, akavuta pumzi.

"Jonah, mwana wa Ndolo!"

"Mwana wa Ndolo!" wakaitikia, na Kalunde, ambaye hakuwahi kungoja chochote maishani mwake, akaanza kucheka.

Jonah akasikia kile kicheko tu. Mkono wake wa kulia ulipanda.

"Inatosha!" alisema. "Weka hiyo filimbi chini, Mama Kasyoka. Twende nyumbani."

Ngui hakatizwi. Hata walevi wanajua hivyo. Nzilani angeweza kuendelea, na nusu ya akina mama walikuwa wakimwomba kwa macho aendelee. Lakini aliuona mkono wake mwingine ukipapasa vifungo vya koti, akamhurumia, na huruma hiyo ilimgharimu. Alivua filimbi, akamrudishia Mwalimu Kisilu, akaokota leso yake akamfuata mumewe.

Kanisa liliridhika. Aliruhusiwa kulima, mradi asiimbe wala asiongoze. Basi akawa anakuja Jumamosi akisimama mwisho wa mstari, akifanya mazoezi ya moja, mbili, mikono yake ikipanda na kushuka kama ya kila mtu. Kazi iliendelea, kwa sababu watoto walipaswa kula, lakini utamu ulikuwa umetoka. Miaka michache baadaye Mwalimu Kisilu akahamishiwa Nuu, na mwethya ukapungua mpaka wakabaki watu wa kumwagilia tu.

Nzilani alikasirika. Hakukasirika kwa kelele. Alipika vizuri, akaandaa vizuri, akafua koti la Jumapili vizuri, na ndani alikuwa amefunga mlango. Alijiapia kitu kimoja: Jonah akiuliza mstari wa pili ulikuwa upi, atamwambia. Asipouliza, hatamwambia. Na Jonah hakuuliza. Wanakijiji waliutunga wenyewe, kila mtu na wake, na yote ilikuwa ya matusi: kwamba ni bahili, kwamba anamwogopa mkewe, kwamba anafunga tai hata akienda chooni. Iliyomfikia masikioni aliiamini.

Hivyo ndivyo walivyozeeka. Kasyoka akaolewa, akafungua kibanda Malili, kando ya barabara ya Mombasa. Kisha, katikati ya miaka ya tisini, Jonah akiwa anapanga mawe kwenye ukuta wa jirani, mwiko ulimponyoka na yeye mwenyewe akaufuata. Hospitalini Kitui walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani akiwa hai, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia umekufa.

Waliagizwa afanye mazoezi kila asubuhi. Nzilani alimweka kwenye kiti uani, akaukamata ule mkono akaupandisha, akaushusha. "Moja. Mbili. Moja. Mbili." Jonah alichukia. Aligeuza uso, akatazama ng'ambo ya bonde, ambako shule ilionekana na nyuma yake yale matuta, ambayo bado yaliushika udongo ingawa nyasi zilikuwa zimeyafunika.

Asubuhi moja watoto walikuwa uwanjani na mwalimu wao mpya, filimbi ikilia mpaka huku. Jonah alisikiliza muda mrefu. Maneno yake siku hizo yalitoka mazito, moja moja.

"Mama Kasyoka. Ile siku. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Nzilani aliuachia mkono. Alikuwa amelingoja swali hilo kwa miaka hata akasahau kwamba analingoja, na sasa lilipokuja hakujua kama anataka kulia au kumpiga.

"Hiyo haisemwi," akamwambia. "Inaimbwa."

"Basi imba."

Alisimama mbele yake, akaukabili uso wake kama ngui anavyoukabili mstari. Sauti ilitoka na kutu.

"Jonah, mwana wa Ndolo!"

Bila kujua, alikuwa akingoja mkono upande umkatize. Lakini mkono ulikuwa umelala mapajani, na hakukuwa na mtu wa kuitikia. Ndipo Jonah akajiitikia mwenyewe kwa ule mdomo wake uliopinda.

"Mwana... wa Ndolo."

"Alijenga tangi watoto wakanywa, wala hakujisifu! Mpeni jembe, mikono hiyo ni yetu!"

Kuku waliendelea kuchakura. Jonah alimtazama mkewe kama mtu aliyeletewa mzigo uliopotelea stesheni zamani. Machozi yalimtoka, hakuweza kuyafuta vizuri kwa mkono wa kushoto.

"Hiyo... watu walisikia?"

"Nani angesikia, Baba Kasyoka? Ulisema inatosha."

Alikuwa amepanga, miaka hiyo yote, kuyasema maneno hayo kwa ukali. Yalipotoka yalikuwa maneno tu. Alifuta uso wa mumewe kwa ncha ya leso, kisha akaingia ndani akatoka na jembe lake la zamani. Aliulaza mpini mapajani pa Jonah, akavikunja vile vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, mpaka vikaushika, na juu yake akaweka mkono wake mwenyewe.

"Umechelewa," akamwambia. "Wenzako walimaliza wakaenda nyumbani."

"Nitaruka," alisema Jonah, na upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu. "Imba tena."

Nzilani akaanza upya, tangu mwanzo, kwa jina la mumewe na la baba yake. Mabega yake ya kizee yakawa yanatikisika peupe, uani, mchana kweupe, na ng'ambo ya njia Kalunde akasimama na ndoo yake akaanza kucheka kwa furaha. Jonah alikisikia kicheko. Safari hii alingoja mstari wa pili.