Kikapu Kifudifudi

Kokushubira aliendesha duka mjini Omurushaka mpaka wale waliosema mjane hawezi biashara wakawa wateja wake. Barazani aliweka kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama maduka yote ya mtaa ule; mgeni hukaribishwa kwa punje mbili tatu. Ukikikuta kimelala kifudifudi, jua tapeli yupo mjini, usinunue kitu kwa mgeni. Madereva wa mabasi wakikiona, habari inafika Murongo, kule mpakani, kabla ya jua kuzama. Wala hakuna aliyedai posho.

Serikali ikaona aibu, jambo zuri namna hiyo linakwendaje bila mhuri? Mwaka tisini na moja ikatunga sheria ndogo: habari za matapeli zipelekwe kwanza kwa afisa biashara, Bwana Elpidius, yeye atachunguza, kisha atawatangazia wote. Atakayemtonya mwenzake kabla, leseni yake inakwenda.

Haukupita mwezi, mwenye pikapu ya bluu akamuuzia Kokushubira gunia la sukari: juu sukari, katikati mchanga. Kokushubira akaubeba mchanga kwenye bakuli hadi ofisini kwa afisa. Elpidius, kijana wa juzi, akakaa kusubiri aamkiwe. Mama akampa shikamoo yake, haina ushuru.

"Tumepokea. Usimwambie mtu."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka tutangaze."

Uchunguzi wenyewe ukawa kulichungulia bakuli.

Siku ya gulio pikapu ikasimama kwa jirani yake Mukabera, aliyeuza ng'ombe wake wa pekee apate mtaji wa duka. Kokushubira akaitazama leseni ukutani. Bila hiyo hana duka. Akamwona ng'ombe wa mwenzake akigeuka mchanga. Akatoka, akamimina kahawa kwenye khanga, akapindua kikapu.

Mukabera akakiona. "Kaka, nenda na sukari yako," akamwambia mwenye pikapu. "Mimi chai nimeacha."

Mtaa mzima ukaacha chai. Pikapu ikaishia kwa karani wa Elpidius, aliyekuwa akitafuta sukari ya kikao cha kuipongeza sheria. Wajumbe wakatafuna mchanga kimya; si haukuwa umetangazwa bado?

Elpidius alitoka kikaoni akitema, moja kwa moja hadi kwenye kikapu. Leseni ikang'olewa ukutani.

Kokushubira alikuwa akifunga mlango Mukabera alipofika.

"Hicho kikapu kilete kwangu," akasema. "Leseni ninayo. Utauza dukani mwangu."

Wakakiweka barazani kwa Mukabera, mdomo juu.