Nilivyomtafuta Mtu wa Kuingia Naye Leba

Mwaka niliobeba mimba yangu ya kwanza, kituo chetu cha afya kilikuwa kimeanza kumruhusu mjamzito aingie leba na mwanamke mmoja amtakaye. Nesi wa kliniki alitutangazia tukiwa tumebanana kwenye mabenchi.

"Mkunga ni mimi," alisema. "Mimi natazama njia na mapigo ya mtoto. Huyo wenu atakutazama wewe. Atakufuta jasho, atakukanda kiuno, atakukumbusha kunywa maji, ukitaka kusimama atakushika. Basi chagueni mtu. Msije na mkutano."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwapitisha akilini wanawake wote niliowajua, nikimtoa mmoja baada ya mwingine.

Sababu ilikuwa dada yangu. Kwetu Mtunda, na huko visiwani Delta pia, uchungu ukikaa sana wanawake wazima humzunguka mzazi na kumwambia ataje. Huamini kwamba mtoto amezuiwa na jina la mwanamume ambalo mama amelificha. Likitoka jina, na mtoto atatoka. Dada alijifungulia nyumbani, katikati ya mawifi na mashangazi wa mumewe. Alikataa, akakataa, mwishowe akamtaja jirani mmoja aliyekuwa akimuuzia samaki. Nilipomuuliza baadaye kama ni kweli, alijibu bila kunitazama: "Nilitaka waninyamazie. Jina lililokuja ni hilo." Mtoto alizaliwa salama. Ndoa haikufika arobaini ya mtoto.

Nilimpenda mume wangu na sikuwa na wa kumficha. Lakini hata dada hakuwa na wa kumficha. Mtu aliyechoka kiasi kile husema lolote, kwa hiyo sikutaka kuutegemea ulimi wangu. Nilitaka mtu ambaye hataniuliza, na hataruhusu niulizwe.

"Kwani mama hatoshi?" mume wangu aliniuliza tukiwa tunakula.

"Mama yako anaitwa kila uchungu wa watu unapokaa. Anaitwa kufanya nini?"

Alimega tonge, akalitazama, akalirudisha kwenye sahani.

Mama yetu sisi alikwishatangulia mbele ya haki, hivyo nilianza kwa shangazi. Yeye alinijibu ukweli: "Mwanangu, mimi nikiona mtu anaumia nalia. Utauacha uchungu wako, uanze kunibembeleza mimi." Nikaenda kwa bibi mmoja aliyezalisha nusu ya kijiji kabla ya kuacha kazi hiyo. Nilimuuliza, uchungu ukikaa unafanyaje? "Namuuliza mzazi." Unamuuliza nini? Akacheka. "Wewe si mtoto." Nilimaliza chai yake, nikamshukuru, nikaondoka.

Hapo nikaona nauliza vibaya. Nilikuwa natafuta anayejua, na kila mtu anajua. Nikaanza kuwaendea waliojifungua karibuni, nikawauliza: ungeingia tena leo, ungemtaka nani? Wengi walitaja mama zao, na wawili wakasema hawamtaki mtu yeyote. Lakini wanawake ambao hata hawakufahamiana walinielekeza kwa mtu yuleyule, msusi mmoja wa pale Kibiti, karibu na stendi.

Nilivunjika moyo. Msusi yule ndiye mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wote niliowahi kuwaona, na mimi nilikuwa natafuta mkimya. Hata hivyo nilikwenda, nikakaa kwenye kigoda chake nisukwe, nikamuuliza swali langu.

"Uchungu ukikaa?" alisema huku anagawa nywele. "Namsimamisha. Namtembeza. Namlaza ubavu. Namuuliza kama kakojoa, maana watu husahau, na kibofu kikijaa mtoto atapita wapi? Nikiona hali siielewi namwita nesi. Nesi akinuna, namwita tena."

"Na wakisema nitaje?"

Mikono ilisimama kichwani mwangu.

"Shoga, mimi kwenye kigoda hiki nimetajiwa wanaume wa wilaya nzima, na watajaji hawana hata uchungu. Wako wa nini?"

Wateja wote waliangua kicheko. Nilibaki na wasiwasi mmoja tu: mdomo wake. Nilimsubiri hadi tukabaki wawili, nikamuuliza habari za mwanamke wa kijijini kwetu aliyewahi kumsindikiza: eti alipiga kelele sana yule?

"Nenda kamuulize mwenyewe," alisema, akaanza kunilalamikia bei ya mchele.

Nikajua nimempata.

Alikuja nyumbani mara kadhaa kabla ya siku zangu. Alitaka kujua napenda kushikwa au kuachwa, nikiumwa nanyamaza au nasema. Kumwambia mama mkwe ilikuwa kazi yangu, na niliifanya mwenyewe.

"Mama, leba nitaingia na mtu mwingine."

"Mtu baki?"

"Mtu baki."

"Na mimi nikae nje kama mbuzi."

Sikubadili neno. Kwa siku kadhaa aliniitikia salamu akiwa amenipa mgongo.

Uchungu ulinianza alfajiri. Tulifika kituoni jua limechomoza, na hadi adhuhuri ulikuwa umekaa palepale. Nesi alinipima, akasema mtoto hana shida, nitembee. Msusi akanitoa barazani, mkono wake kiunoni mwangu, akisimulia kisa kirefu cha bibi harusi aliyesinzia akisukwa. Mwisho wa baraza walikuwa wamekaa mama mkwe na wanawake wawili wa ukoo. Tulipowafikia, mmoja wao alisimama.

"Umekaa huu uchungu," alisema. "Mkaza mwanetu, kama kuna neno lolote..."

"Neno lipo," msusi alimkatiza. "Kiuno kinamuua. Mama mkwe, njoo umkande hapa, mimi vidole vya kusukia vimeishiwa nguvu."

Mama mkwe alimtazama kana kwamba ametukanwa. Kisha akainuka. Nikaegemea ukuta, naye akaweka viganja vyake chini ya mgongo wangu akakandamiza, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri yale maumivu yakapata mahali pa kuishia. Msusi akabaki amesimama kati yetu na wale wawili, akiwaendelezea kisa cha bibi harusi.

Tukaenda hivyo kwa muda. Halafu mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nikimzaa huyu mumeo niliulizwa kutwa nzima."

Msusi alikata kisa chake katikati. Masikio yake hayapitwi. "Ukamtaja nani, mama?"

"Nilimtaja marehemu mmoja. Kazikwa Mohoro. Nani angekwenda kumuuliza?"

Msusi alijishika tumbo. Mimi nilicheka hadi uchungu ukanikuta kinywa wazi, na mama mkwe akakandamiza, akakandamiza, hadi ukapita. Nilipopata pumzi nilimgeukia.

"Sasa mbona nawe unakwenda kuwauliza watu?"

Hakuondoa mikono.

"Nilidhani kila mtu ana marehemu wake," alisema.

Hapo uchungu ukabadilika. Nesi akaniita ndani, msusi akaingia nami, mama mkwe akabaki mlangoni. Sikumbuki mengi ya mle ndani isipokuwa sauti ya msusi sikioni mwangu, bado kidogo, bado kidogo, pumua, na kikombe cha maji ambacho hakikuacha kuja. Alasiri mtoto wa kike alilia.

Dirisha la leba lilikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilimsikia mmoja wa wale wanawake akiuliza kwa haraka, "Ehe, kataja?"

"Hajaulizwa," mama mkwe alisema. "Lete hiyo kanga."