Kamba ya Mita Kumi

Januari ya Bunia ina harufu ya vumbi jekundu lililonyunyiziwa maji. Kila asubuhi tulilowanisha sakafu ya darasa kwa mkebe uliotobolewa, tukafagia, kisha tukakaa. Nilikuwa mwaka wa tano, katika shule ya wasichana, na benchi letu lililotengenezwa kwa watu watatu lilikaliwa na watano. Nilihesabu mara mbili, nikidhani nimekosea. Wawili wa ziada walikuja wakikimbia vita vya upande wa Djugu. Mmoja wao, Georgette, alikalia nusu ya paja langu tangu Oktoba. Kwa kuwa paja lilikuwa langu, nilimdai anifanyie hesabu za sehemu. Alikubali bila kubishana, jambo lililoniharibia raha ya biashara.

Kiangazi kile Madamu, mwalimu wetu, alitufundisha ari, yaani ardhi yenye mita kumi kila upande. Alituchorea moja uani kwa jivu, tukaingia ndani wasichana wote wa darasa, na nafasi ikabaki. Tulitamani masomo yote yafanyikie pale. Kisha akatupa kazi: kila mtu apime kiwanja cha kwao, alete urefu, upana na eneo. Alisema "cha kwao" akiutazama ubao. Georgette na mama yake waliishi kambini, katika kibanda cha turubai ambamo ukinyoosha miguu unagusa masufuria ya jirani.

Baba yangu alikuwa mwashi, kwa hiyo nilikuwa na kitu ambacho darasa zima lilikitaka: kamba ya mita kumi, yenye fundo kila mita. Nilimwambia Georgette apime kwetu, aandike ni kwao.

"Madamu hatajua," nilisema.

"Miye nitajua. Siye iko na shamba yetu kule Fataki, upande wa Djugu. Mama anaenda kuvuna mahindi juma hii."

"Basi kamba ni mahindi nane."

"Tatu."

"Saba, na iwe makubwa."

"Weye, siku moja utauzisha hata kivuli yako," alisema, nasi tukaishia tano.

Mama yake hakutaka aende naye. Watu walisema kule kumetulia, lakini siku zile utulivu ulikuwa kitu cha kuuliza mara mbili. Georgette akamwonyesha kamba na daftari, akasema ni kazi ya shule, na mama ambaye hakusoma hakuweza kushindana na shule. Georgette aliniambia hayo mwenyewe Ijumaa jioni, akicheka, huku akijizungushia kamba kiunoni ndani ya blauzi isije ikaibwa kwenye lori. Nilimwambia asiilowanishe, maana kamba ikilowa hupungua. Ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Jumatatu benchi lilikuwa na wanne. Jumanne nilihesabu tena. Alhamisi mama yake alifika kwetu peke yake, miguu imevimba, akamweleza mama yangu kwamba watu wenye silaha waliingia shambani asubuhi, kwamba walikimbia, na kwamba Georgette alipigwa risasi kabla hawajaifikia migomba. Alisema kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Halafu akafungua kikwembe alichojifunga kiunoni, akatoa mahindi.

"Mama Georgette, hapana," mama yangu alisema. "Rudi nayo."

"Aliyachuma yeye kwanza, mbele ya siye kuanza kuvuna. Alinifungia hapa, akasema iko ya mwenye kamba." Akanigeukia. "Upande wa muto alimaliza. Alikuwa anapiga kelele anahesabu: kamba kumi na mbili. Upande ingine hatukufika."

Nilihesabu mahindi mara mbili. Yalikuwa sita. Tulipatana matano, la sita lilikuwa matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji humpa mteja aliyempenda. Sikuwa nimeidai. Kila bei niliyowahi kuipunguza maishani nimeisahau, isipokuwa hiyo iliyoongezwa bila mimi kufungua mdomo. Bila kamba yangu, Georgette asingekuwa na sababu ya kupanda lori. Na eneo la shamba lile silijui hadi leo. Upande mmoja hautoshi, nimejaribu.

Sasa nauza vitenge sokoni, na binti yangu yuko mwaka wa tano. Shule imepata mabati mapya na ubao unaosomeka. Kiangazi hiki wanasoma ari. Benchi lao linakaliwa na wanne, na wa nne ametoka Djugu, analala kambini. Nilimfungia binti yangu mafundo kwenye kamba mpya, tukapima kiwanja chetu, mimi nikishika ncha. Jana akaniomba amwazime kamba yule mwenzake, kwa sababu mama wa mwenzake anarudi kuangalia shamba lao, naye anataka kwenda kulipima.

"Mwambie akuje apime hapa kwetu," nilisema.

"Mama, hapa si kwao."

Leo asubuhi nilichukua kamba nikahesabu mafundo. Kumi. Nikahesabu tena. Binti yangu amesimama mlangoni na begi mgongoni, mkono ameunyoosha, na mimi bado nahesabu.