Mzazi wa Jikoni

Kuku wa jirani yetu wa Chang'ombe akianza kuatamia, basi jiko si lake tena. Huyatia mayai alama ya masizi kwa kidole gumba, hushusha gunia mlangoni, na tangu hapo hupiga hodi kwenye jiko lake mwenyewe. Sauti humlegea kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale. "Mzazi, nimekuletea chenga za mchele." Kiganja chake hupita chini ya manyoya, wala hadonolewi.

Mwaka ule wa vita, kanga zilipoadimika, alikuja kwetu siku ya Idi amejifunga kanga kuukuu. Mama akashangaa.

"Shoga, ile doti mpya uliyoipangia foleni?"

Akatabasamu, akanong'ona kana kwamba tupo jikoni kwake:

"Mzazi kaikalia. Bado siku tatu."