Watu Kumi na Wawili wa Mwalimu Bigirimana

Mwalimu Bigirimana alikamatwa siku ya Jumanne, katikati ya mwaka 2005, akiwa anachomea waya wa redio kwenye kibanda chake katika soko la kambi. Lori la kupeleka watu Kobero, mpakani, lilikuwa linakuja Ijumaa. Walinzi walimwambia hivyo hapo hapo mbele ya wateja. Alikuwa na siku tatu za kueleza daftari lililokutwa kwenye sanduku lake la vifaa, la sivyo angerudishwa Burundi, nchi aliyoikimbia karibu miaka kumi na miwili nyuma.

Nilimfahamu kabla ya hapo. Mimi ni mtu wa Murukulazo, upande wa Tanzania, na wakati ule nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikifundisha Keza, kijiji jirani na kambi. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo ofisi ya kambi iliniita kutafsiri kila mkalimani wao alipokosekana. Ndivyo nilivyoanza kupitia kwenye kibanda cha Mwalimu.

Alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya msingi kwenye kilima kimoja, ndivyo Warundi waitavyo kijiji, huko Muyinga. Kambini walimwomba afundishe tena, akakataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya watoto na kuita majina. Akajifunza kutengeneza redio, na jina la Mwalimu likabaki. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakurudisha redio ya mtu mpaka aisikilize taarifa ya habari nzima, mwanzo hadi mwisho, huku mwenye redio akisubiri na betri zake zikiisha. Zita, mwanamke wa Keza aliyekuwa akiuza dagaa kibanda cha pili, alisema Mwalimu hatengenezi redio, anaziuguza.

Siku hizo mkimbizi alikatazwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Kilomita nne! Mbuzi wa Keza walitembea mbali zaidi ya mtu aliyekuwa amefundisha watoto wa watu kugawanya na kuzidisha. Akienda kulima kibarua shamba la jirani zetu anakamatwa, akikaa tu anaitwa mvivu. Ndani ya duara hilo Mwalimu aliishi na mkewe, Speciose, na redio za watu.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya kukamatwa, dereva wa shirika moja la misaada, jina lake Audax, alimletea kitu asichowahi kukitengeneza. Kilikuwa kimashine cha kushika mkononi, chenye kioo kidogo na vitufe, ambacho mzungu mmoja alimwachia Audax alipokuwa anarudi kwao. Hakikuwaka. Mwalimu alikifungua, akasafisha kutu, akabadilisha waya mmoja, kikawaka. Audax alikuwa ameshahamishiwa Kigoma, na hakukifuata tena.

Ndani ya kimashine mlikuwa na gemu moja tu. Ilikuwa ya vita vya zamani, ya watu wenye panga, mikuki na pinde, na mazimwi, na wachawi wanaorusha moto. Lakini haikuwa ya kukimbiza vidole. Uwanja wake ulikuwa umegawanywa miraba kama karatasi ya hesabu. Unamsogeza mtu wako miraba mitatu, unamsogeza mwingine minne, kisha unasubiri, na adui naye anasogeza wa kwake. Anayekosea hesabu anapoteza mtu. Na mtu akifa ndani ya gemu ile hafufuki. Kimashine kiliandika kila hatua chenyewe. Hata ukizima na kuwasha upya, aliyekufa amekufa.

Gemu ilimruhusu mchezaji kuwapa wapiganaji wake majina. Mwalimu aliwapa majina ya watu wa kilima chake.

Mwaka 1993, mwezi wa kumi, watu kumi na wanne walitoka pamoja kwenye kilima kile kuelekea Tanzania. Kwenye daraja walikutana na wenye silaha. Walivuka wawili, Mwalimu na Speciose. Kumi na wawili walibaki, wakiwemo baba yake Speciose, mzee Ntirampeba, na watoto wao mapacha, Bukuru na Butoyi, waliokuwa na miaka saba. Mwalimu hakunisimulia zaidi ya hapo, nami sikumwuliza. Lakini nilimwona anavyocheza. Aliwaweka wale kumi na wawili kwenye miraba yao, na kila mto uliotokea kwenye gemu aliwavusha wote. Mmoja akikaribia kuumizwa alirudi nyuma, akazunguka, akatumia wiki nzima kwenye uwanja mmoja. Mwaka mmoja na nusu hakupoteza mtu.

Speciose alijua. Alipoyaona majina ya watoto pale kwenye kioo alimwambia mumewe kwamba kama ni lazima wawemo, wasipewe upanga. Basi Bukuru na Butoyi wakawa waganga, na kazi yao ikawa kukaa nyuma kabisa na kuponya waliojeruhiwa.

Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo Mwalimu alifanya kama alivyofanya darasani: alipanga somo kabla. Alichukua daftari la hesabu la msaada, akachora kila uwanja kwa penseli, mraba kwa mraba. Mto hapa, daraja pale, adui alama ya msalaba. Pembeni akaandika kwa Kirundi: wapiganaji, majina, silaha ya kila mmoja, aliyejeruhiwa, atakayetangulia. Na juu ya kila ukurasa akaandika siku, kama alivyokuwa akiandika ubaoni.

Sasa mtu ajiweke mahali pa Anold. Anold alikuwa kiongozi wa walinzi wa kambi, kijana asiye mbaya, ila mwepesi wa kushuku. Mwaka ule maneno yalikuwa yamezagaa kwamba kambini kuna watu wanaoandikisha vijana kwenda kupigana ng'ambo ya mpaka. Ukafanyika msako. Kwenye sanduku la vifaa la Mwalimu, chini ya redio, Anold alikuta ramani ya daraja, orodha ya wapiganaji kumi na wawili na silaha zao, na maneno haya: "Jumanne. Tunavuka. Ntirampeba atangulie, Ndayisenga alinde kulia." Kando ya daftari kulikuwa na kimashine chenye vitufe ambacho Anold hakuwahi kukiona maishani. Akasema ni simu ya upepo.

Niliitwa kutafsiri Jumatano. Ofisa aliitwa Kazimili, mtu wa Nyabusozi kule Biharamulo, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Nilitafsiri kila neno sawasawa, na kila neno sahihi lilimsogeza Mwalimu karibu na lori.

"Ntirampeba ni nani?" Kazimili akauliza.

"Baba mkwe wangu, mkuu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Na huyu Ndayisenga?"

"Jirani yangu. Amekufa."

Kazimili alishuka na orodha kwa kidole, jina baada ya jina, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Alipofika mwisho alilifunga daftari.

"Kumi na wawili wote wamekufa, na jana ulikuwa unawavusha mto."

"Ndiyo, mkuu."

"Jeshi la mizimu," Anold akasema, na wote waliokuwa mlangoni wakacheka.

Mwalimu alieleza gemu. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama anayefundisha kanuni, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Aliomba betri mbili ndogo, zile za saizi ya kidole, ili awaoneshe. Anold alikataa katakata. Alisema akiwashiwa tu ataita wenzake. Niliposema kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona kikiwaka, Kazimili aliniambia kwa upole kwamba mimi nimeitwa kutafsiri. Nilitoka nje kwa hasira. Hayo tu ndiyo niliyoyafanya siku ile, na si mengi.

Alhamisi alasiri, Mwalimu akiwa amerudishwa mbele ya Kazimili nami nikitafsiri, Speciose alikuja ofisini mwenyewe. Alisimama mlangoni, na hata alipoambiwa akae hakukaa. Alifungua pindo la kitenge chake akatoa betri mbili alizozipata kwa Zita, kutoka kwenye tochi, akaziweka mezani mbele ya Kazimili. Alisema kama ni simu, basi waijibu wao itakapoita. Yeye ana mume mmoja tu, na kule anakopelekwa hakuna mtu wa kumpokea.

Kazimili aliziangalia betri. Alimwamuru Anold aziweke mwenyewe. Kimashine kikatoa muziki mwembamba, kioo kikawaka, na walinzi waliokuwa mlangoni wakasogea kama watoto. Pale kwenye kioo palikuwa na mto, daraja, na watu kumi na wawili wadogo wenye majina juu ya vichwa vyao. Kazimili alifungua daftari, akalinganisha. Mraba kwa mraba vilifanana.

Ingeishia hapo. Lakini Kazimili alikuwa mtu wa kuhakikisha, akataka aone kama kweli wanapigana. Alikichukua kimashine mikononi mwake. Mwalimu akamwelekeza kitufe cha kusogeza na kitufe cha kukubali. Kazimili alimsogeza Ndayisenga, akalipiga zimwi moja, likaanguka, walinzi wakashangilia. Alimsogeza mzee Ntirampeba. Kisha akaona wale wawili nyuma.

"Hawa mbona wamejificha?"

"Hao ni waganga, mkuu. Hawapigani."

"Kwenye vita kila mtu anapigana," Kazimili akasema, akamchukua Bukuru akamsogeza mbele, mraba mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka katikati ya daraja.

Mwalimu aliinua mkono. Niliuona ukienda kuelekea kile kimashine, na nilimwona Anold naye akiuona, akishika rungu lake. Mtu anayenyang'anya ushahidi mikononi mwa ofisa amejihukumu. Kitufe cha kukubali kilikuwa hakijabonyezwa. Bado angeweza kusema neno, na neno lolote lingesikika kama kuficha kitu.

Speciose ndiye aliyesema, kwa Kirundi, na hakuna aliyeniambia nitafsiri.

"Mwache. Huyo si mtoto wetu. Mtoto wetu alikufa, na wewe ulikuwepo."

Mkono ukashuka. Kazimili akabonyeza. Ikawa zamu ya adui, na mazimwi mawili yakatoka ng'ambo, na Bukuru akaanguka darajani. Jina lake likafifia, likatoka kwenye kioo.

Kazimili akacheka kidogo. "Huyu amekufa. Anarudi baada ya muda gani?"

"Harudi, mkuu."

"Hata ukizima?"

"Hata nikizima."

Kazimili alitazama kioo, akamtazama Mwalimu, kisha Speciose, aliyekuwa amegeukia ukuta. Akaniuliza mimi kwa sauti ya chini yule mama alisema nini. Nilimtafsiria. Sikupunguza neno.

Alilifunga daftari. Kisha alizima kimashine, akakiweka mezani taratibu kuliko alivyokichukua, akamwambia Anold afute jina la Bigirimana kwenye orodha ya Ijumaa. Daftari alilibakiza ofisini. Hakuomba radhi. Sijawahi kusikia ofisi ikiomba radhi kwa mkimbizi, na naamini siku itakapojifunza kufanya hivyo hatutahitaji tena kambi wala malori.

Nilitembea nao hadi kwao. Nilidhani Speciose atamsimanga au atamfariji, hakufanya lolote kati ya hayo. Tulipofika Speciose alitoa mkeka akautandika mbele ya mlango, akafunga kitenge kichwani kama wafungavyo wafiwa, akakaa chini miguu imenyooka. Akawaambia majirani waliokuja kupongeza kwamba leo hapa si pongezi, hapa ni ikiriyo. Ndivyo wanavyoyaita matanga yao.

Nilikuwa sijajua, mpaka aliponieleza yule jirani aliyekaa kando yangu, kwamba kwao mtu akizikwa jamaa hawashiki jembe kwa siku kadhaa, na watu huja kukaa nao tu, wamsikie akitajwa. Hawa wawili hawakuwahi kukaliwa matanga. Walivuka mto wakikimbia, wakapewa kadi na hema, wakapanga foleni ya mahindi, na kesho yake foleni nyingine, miaka yote hiyo.

Watu waliendelea kuja. Zita alifunga kibanda mapema akaja na dagaa wake wa siku ile wote. Kila aliyeingia aliuliza nani amefariki, na Speciose akajibu, "Bukuru, mwanangu." Wakauliza lini. Akasema mwaka tisini na tatu. Hakuna aliyecheka. Walitafuta mahali wakakaa.

Mwalimu alikuwa amesimama kizingitini na kimashine mfukoni. Mzee mmoja alimwuliza kuhusu pacha mwenzake Bukuru, na kuhusu baba mkwe, na wengine. Je, nao ni leo? Mwalimu akamtazama mkewe.

"Tuanze na mmoja," Speciose akasema, akasogea kidogo kwenye mkeka ili mumewe apate pa kukaa.