Saa Tatu za Usafi

Katika kiwanda cha mablanketi hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Fundo. Uzi ukikatika mtamboni, vidole vyake viliudaka, vikauzungusha na kuubana, na kabla hujapepesa macho fundo limeshakaa, dogo kama punje ya ufuta. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mtambo namba saba. Mtambo namba nane ulikuwa wa binti yake.

Nyuzi zilikatika kweli. Kiwanda kilikuwa huku juu, mwisho kabisa wa waya wa umeme, na umeme ulifika umechoka. Mara sita kwa zamu taa zilififia, mitambo ikashusha pumzi kama mgonjwa, kisha nguvu zikarudi kwa pupa na kuirusha. Nyuzi hamsini zikaenda kwa mpigo mmoja. Kuziunga zote kulikula nusu saa, hata kwa Fundo.

Nusu saa hizo zilikosa pa kukaa kwenye daftari la zamu. Zamani alikuwapo meneja aliyemfukuza kila aliyeandika kwamba mtambo umesimama. Ndipo msimamizi wa zamu, mdogo wa marehemu mumewe Fundo, alipowakusanya mafundi nyuma ya stoo.

"Andikeni usafi," alisema. "Nani atamfukuza mtu kwa kusafisha?"

"Shemeji, una akili za sungura wewe!" Fundo alimwambia, na wote wakacheka.

Meneja yule alikwenda zake. Neno likabaki. Kwa miaka kumi na moja waliandika usafi, hata mkono ukawa unaliandika wenyewe.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Kampuni ilikuwa na kiwanda kingine kule bondeni, jirani na bwawa la umeme. Mitambo ya kule ilinunuliwa siku moja na ya huku, tena ya aina ileile, lakini kule zamu moja ilitoa mablanketi mia mbili, na huku mia na ishirini na tano. Kampuni haikutaka tena kulisha viwanda viwili. Angekuja mtu wa kupima, na kipimo chake ndicho kingeamua kama huku juu kufungwe.

Alikuja Jumatatu kutoka kiwanda cha bondeni, kijana mpole mwenye saa ya kupimia shingoni. Hadi mchana alikuwa ameshabatizwa Bwana Saa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutupima homa?"

"Nimekuja kupima mapigo ya moyo tu, mama."

Binti yake alicheka. Fundo hakucheka sana, maana taa zilikuwa zimetulia mno. Nyuma ya stoo kitu kilinguruma. Shemeji alikuwa ameazima jenereta kwenye machimbo ya mawe, kwa siku tatu.

"Mgeni asitukute uchi," alimnong'oneza akipita.

Siku tatu hakuna taa iliyofifia. Mitambo ilikwenda bila kukohoa, blanketi juu ya blanketi, na Fundo alisimama mikono mitupu, vidole vikimwasha. Ngurumo ile ilipita kwenye sakafu ikampanda magotini. Siku ya tatu zamu ilitoa mia na tisini na nane. Watu walipigana mabegani. Bwana Saa aliandika, wala hakutabasamu.

Alasiri hiyo alimwita Fundo kwenye chumba kidogo cha vioo. Daftari la zamu lilikuwa wazi mezani.

"Mama, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Saa tatu za usafi kila zamu. Nimekaa hapa siku tatu, sijaona mtu akishika hata ufagio." Aliongea polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Na nikiwapo mimi, mnafuma sawasawa na kwetu. Makao makuu wataniuliza, hawa watu nikiondoka wanafanya nini? Niwajibu nini?"

Fundo aliuangalia mwandiko wake. Alitazama nje ya kioo. Shemeji alikuwa amesimama palepale karibu na mlango uliokuwa wazi, kofia mkononi, akisikia kila neno.

"Mwanangu, huo usafi si usafi. Ni umeme. Unashuka, nyuzi zinakatika, tunaunga. Hizi siku tatu ni jenereta, ya kuazima."

Bwana Saa aligeuka. "Mzee, ni kweli?"

Shemeji alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliikunjakunja kofia.

"Jenereta iko siku zote," alisema. "Shemeji yangu huyu anapenda mzaha."

Alicheka peke yake. Fundo alimtazama, shemeji akatazama viatu vyake. Bwana Saa alilifunga daftari taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Alhamisi jenereta ilirudishwa machimboni. Ijumaa alikuja mtu na kopo la rangi nyeupe, akaweka alama kwenye miguu ya mitambo yote, namba saba, namba nane, mpaka ya mwisho. Ingeteremshwa bondeni.

Bwana Saa alipita kuaga.

"Na huko chini," Fundo alimuuliza, "nyuzi zikikatika nani anaunga?"

Kijana alitafuta pa kuyaweka macho. "Kwetu hazikatiki, mama."

Hata saa moja haikupita tangu gari lake litoke langoni, taa zikafifia. Mitambo ilishusha pumzi, ikarushwa, nyuzi zikaenda. Hakuna aliyesogea isipokuwa Fundo. Aliinama, rangi mbichi ikamshika kwenye sketi, akaanza kuunga moja moja. Binti yake alimtazama kidogo, kisha naye akainama kwenye namba nane.

Walipomaliza, shemeji alikuwa amesimama kando na daftari na kalamu.

"Niandike nini?"

Fundo aliichukua kalamu. Aliandika: umeme umeshuka, nusu saa. Akamrudishia daftari, na shemeji akabaki amelishika, kurasa zote za nyuma zikiwa zimejaa usafi.